Barua ya wazi kwa Waziri wa makaazi Zanzibar: tafuteni maji kabla ya kupaka rangi

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya ardhi na makaazi,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Assalaamu alaykum.

Mheshimiwa, kila masika yakimalizika watu hukimbilia rangi. Nyumba za kupangisha hupakwa, ofisi hupakwa, vyumba vya watoto hupakwa, na baada ya miezi michache madoa yaleyale meusi ya kuvu hurudi palepale, tena yamepanuka. Sisi mafundi waashi na wakaguzi wa majengo wa Unguja na Pemba tunakuomba jambo moja: nyumba yoyote ya umma, au inayopangishwa kwa mkataba, isihesabiwe kuwa imetengenezwa mpaka ijulikane maji yanaingilia wapi na yawe yamezuiwa. Rangi ije mwisho.

Kuvu inataka joto, chakula na maji. Joto tunalo mwaka mzima. Chakula ni mbao, karatasi ya jipsamu, gundi, vumbi, hata rangi yenyewe. Kilichobaki mikononi mwetu ni maji tu. Kitu kikirowa kisikauke ndani ya saa 24 hadi 48, vijimbegu vya kuvu, ambavyo vimo katika hewa ya kila nyumba, huanza kuota. Vitabu vingi hushauri unyevu wa hewa ya ndani uwe chini ya asilimia 60, lakini kwetu mwezi wa Aprili hewa ya nje yenyewe hupita asilimia 80. Kwa hiyo nyumba isiyo na kiyoyozi tusiidai hewa kavu. Tuidai kuta kavu na upepo unaopita.

Madhara yake yanajulikana. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu majumbani, likavihusisha na pumu, kikohozi, kubanwa kifua na maambukizi ya njia ya hewa. Watoto, wazee, wenye pumu na wenye kinga dhaifu ndio wa mwanzo kuumia. Watu hutuuliza kama kuvu nyeusi ni mbaya kuliko ya kijani. Rangi yake haisemi chochote cha kutegemea, wala hakuna haja ya kulipia maabara kujua jina lake. Ikionekana, iondolewe.

Tuanze na Mji Mkongwe, kwa sababu huko ndiko kosa kubwa linakofanyika kwa nia njema. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, nyingi zina unene wa nusu mita au zaidi, na boriti za mikoko zimezamishwa ndani yake kubeba sakafu. Ukuta wa namna hii hunywa maji kutoka ardhini na kutoka mvuani, kisha huyatoa taratibu kupitia plasta ya chokaa. Ndivyo ulivyojengwa ufanye kazi. Siku fundi anapoupiga plasta ya saruji na kuufunika kwa rangi ya plastiki, mlango wa kutokea maji umefungwa. Maji hayaondoki, hupanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea. Palipokuwa na unyevu wa magoti sasa panafika kiunoni. Chumvi hujikusanya nyuma ya saruji na kuisukuma hadi plasta inabanduka vipande vipande, na kuvu huota katika nafasi iliyoachwa, ambako hakuna jicho linalofika. Vichwa vya boriti vilivyomo ukutani huoza kimyakimya huku katikati ya dari boriti ileile ikionekana nzima. Mji huu umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kila mfuko wa saruji unaopandishwa kwenye kuta zake unapunguza umri wake.

Nyumba za matofali ya saruji na za zege, iwe ni ghorofa za Michenzani au nyumba mpya za Fuoni na Chake Chake, zina njia zao za kurowa. Bati hupoa usiku, mvuke wa ndani hugeuka matone chini yake, na matone hudondokea mgongoni mwa dari la jipsamu. Kwa chini dari ni jeupe, juu limeota manyoya. Bomba lililozikwa ukutani huvuja tone kwa tone nyuma ya marumaru za bafu, na anayeona dalili ni mtu wa chumba cha pili. Karo, yaani shimo la maji machafu, lililojengwa kukaribiana na msingi hulowesha ukuta hata wakati wa jua kali la Kaskazi.

Kiyoyozi kinastahili maelezo yake peke yake, maana wengi hukifanya dawa ya unyevu bila kujua kinaweza kuwa chanzo. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kuangusha maji kwenye kitu chochote chenye ubaridi wa nyuzi 26 au chini ya hapo. Chumba kikipoozwa hadi nyuzi 18, ukuta wake hupoa pande zote mbili, na kuvu mara nyingi huota upande wa pili, chumba kisicho na kiyoyozi, hasa nyuma ya kabati lililobanwa ukutani. Mpangaji husafisha kila wiki na lawama humwangukia yeye, kumbe ubaridi unatoka kwa jirani. Nyuzi 25 au 26 zinatosha, madirisha yafungwe wakati mashine inafanya kazi, na bomba lake la kutolea maji lisidondoshe kwenye ukuta wa nje. Kabati lisogezwe, liachwe nafasi ya kupita mkono, yaani sentimita 10.

Sasa namna ya kuitafuta. Pua hutangulia: harufu ya kuvu ikizidi asubuhi kabla madirisha hayajafunguliwa, ipo mahali. Kaguzi nyingi huangalia katikati ya ukuta, mahali ambapo kuvu huonekana mwisho kabisa. Tazama nyuma ya makabati yanayoegemea kuta za nje, chini ya kapeti la plastiki, ndani ya kabati la chini ya sinki, juu ya dari, pembeni mwa madirisha, na ukuta unaopakana na bafu. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole; ikilia kitupu, imeachana na ukuta. Kichwa cha boriti kichomwe kwa bisibisi pale inapoingia ukutani. Ikizama sentimita moja bila nguvu, mbao imeoza, na hapo aitwe mhandisi kabla ya mtu yeyote kugusa plasta, kwa sababu boriti hiyo imebeba sakafu ya watu.

Unga mweupe ukutani mara nyingi ni chumvi. Udondoshee maji: chumvi huyeyuka, kuvu haiyeyuki. Doa jeusi lidondoshewe jiki kidogo. Likipauka ndani ya dakika mbili, kuna uwezekano mkubwa ni kuvu, likibaki vilevile huenda ni uchafu au moshi.

Jaribio tunalolithamini kuliko yote halihitaji mashine. Kata nailoni angavu ya sentimita 50 kwa 50, ibandike ukutani kwa utepe wa kunata pande zote nne pasiwe na upenyo, uiache saa 48. Maji yakijikusanya baina ya nailoni na ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta: ardhini, kwenye bomba au mvuani. Matone yakikaa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa, na tatizo ni upepo au kiyoyozi. Majibu haya mawili yana matibabu tofauti kabisa, na anayepaka dawa bila kujua lipi ni lipi anapoteza fedha. Kwa bomba linaloshukiwa, funga mifereji (koki) yote usiku na valvu ya kuingiza maji kwenye tangi, weka alama ya kina cha maji, uangalie alfajiri. Kikipungua, kuna uvujaji.

Kuhusu kuiondoa, hapa ndipo watu wanapojidhuru. Kuvu isikwanguliwe kavu wala kufagiliwa, kwa sababu vijimbegu vitasambaa nyumba nzima. Feni isielekezwe kwenye kuvu ambayo bado haijaondolewa. Eneo lisilozidi mita moja ya mraba mwenye nyumba anaweza kulishughulikia mwenyewe. Likizidi hapo, au kama kuna boriti au maji ya karo, ni kazi ya fundi aliyefundishwa. Watoto na mwenye pumu watoke kwanza. Umeme wa chumba uzimwe kwenye mein swichi, maana ukuta uliorowa wenye soketi unaua. Mfanyakazi avae barakoa ya N95 iliyobana usoni (ile ya kitambaa haizuii vijimbegu), glavu za mpira, na miwani isiyo na matundu. Mlango wa ndani uzibwe kwa nailoni, dirisha la nje lifunguliwe.

Eneo lirashiwe maji ya sabuni kwa kinyunyizio mpaka lilegee. Jipsamu hukatwa hadi sentimita 30 kupita doa la mwisho linaloonekana, kwa sababu nyuzi za kuvu hutangulia rangi yake. Vipande vitiwe katika mifuko miwili, mmoja ndani ya mwengine, vifungwe humohumo chumbani na kupitishwa dirishani ikiwezekana. Marumaru, zege na mbao ngumu zisuguliwe kwa brashi na maji ya sabuni, zipanguswe kwa kitambaa kibichi kinachobadilishwa mara kwa mara, kisha zikaushwe. Godoro la sponji lililoota kuvu halisafishiki. Litupwe, hata kama ni jipya.

Jiki ina nafasi ndogo kuliko inavyodhaniwa. Kwenye marumaru na plastiki inasaidia: kikombe kimoja, yaani mililita 240, kwa lita 4 za maji, isizidi hapo. Kwenye plasta na mbao maji yake huingia ndani na kuongeza unyevu, huku dawa ikibaki juu. Doa hupauka, mzizi ukabaki. Na kuvu iliyokufa nayo huwasha kifua, kwa hiyo kuua hakutoshi bila kuondoa. Tunasisitiza, Mheshimiwa: jiki isichanganywe kamwe na siki, dawa ya choo yenye asidi wala sabuni yenye amonia. Hutoa gesi ya sumu, na bafu zetu nyingi zina dirisha la ukubwa wa sahani. Tangazo la redio na neno la masheha juu ya hili tu lingeokoa watu.

Baada ya kuondoa ni kukausha, na hapa subira huwashinda wengi. Makadirio ya mafundi wa majengo ya kale ni mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za ukuta. Ukuta wa nusu mita unaokauka pande zote mbili unaweza kuchukua miezi kumi. Mkulima wa Pemba hatii karafuu mbichi guniani akafunga mdomo. Anajua zitaota kuvu. Ukuta mbichi uliofungiwa kwa saruji na rangi ni vivyo hivyo.

Katika Mji Mkongwe saruji ivuliwe hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, ukuta uachwe wazi upigwe upepo, kisha irudishwe plasta ya chokaa: fungu moja la chokaa iliyozimwa na kulowekwa, bora miezi mitatu, kwa mafungu matatu ya mchanga. Mchanga wa pwani usikaribie, kwani chumvi yake huvuta maji hewani maisha yote ya ukuta. Kila tabaka lisizidi sentimita moja, likingwe na jua, lirashiwe maji kidogo kwa siku kadhaa lisipasuke. Mwisho chokaa ya kupaka badala ya rangi ya plastiki. Faida yake kubwa ni kwamba ukuta ukiwa na unyevu uliobaki, utaendelea kupumua.

Haya yote yanahitaji mkono wako, Mheshimiwa. Tunaomba mikataba ya matengenezo ya nyumba za umma itenganishe malipo: sehemu ya kwanza ilipwe maji yakishazuiwa, na fedha za rangi zisitoke mpaka jaribio la nailoni lionekane kavu mbele ya mkaguzi. Mkataba wa upangaji uambatane na karatasi moja ya ukaguzi, ikitaja nyuma ya makabati, juu ya dari na ukuta wa bafu, itiwe saini na pande zote mbili kabla ya ufunguo kukabidhiwa. Kibali cha nyumba mpya kidai dari lenye kidirisha cha kuingilia, matundu ya hewa chini ya bati, na madirisha pande mbili za chumba pale kiwanja kinaporuhusu. Kazi ya chokaa ifundishwe kwa vitendo katika vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe na Vitongoji, kwa ushirikiano na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, maana wazee wanaojua kuizima na kuipiga wanapungua na vijana hawana wa kuwaonesha.

Na tarehe nazo zina uzito wake. Kazi inayoanza Machi huangukia masika, na fundi hupiga plasta juu ya ukuta unaochuruzika kwa sababu ana muda wa mkataba wa kuukimbiza. Mikataba iwe imekamilika Mei, plasta mbovu ivuliwe Juni, kuta zipate upepo wa Kusi hadi Septemba, plasta mpya ifuate, na rangi au chokaa ipakwe kabla vuli haijaanza, kwa ukuta uliokwisha kukauka.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mafundi waashi na wakaguzi wa majengo, Unguja na Pemba