Aliyekutwa na homa ya ini hemani, nani anamfuatilia?

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo kuhusu upimaji wa homa ya ini B hapa Dodoma, hasa ule wa hemani kila inapokaribia Julai 28, Siku ya Homa ya Ini Duniani. Watu hujitokeza, hutobolewa kidole, hupewa majibu, hema hukunjwa. Kupima ni jambo jema na liendelee. Tatizo ni kwamba anayekutwa na virusi huondoka na kikaratasi na neno moja, "nenda hospitali", bila kuambiwa hospitali ipi, akapime nini na arudi lini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na virusi hivi. Waliojijua walikuwa asilimia 13, na waliokuwa kwenye dawa asilimia 3 hivi. Si kila mwenye virusi anahitaji dawa, lakini hata ukiwatoa hao, wanaobaki njiani ni wengi mno.

Kwanza hema lenyewe. Vipimo vya haraka vingi hutakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 30. Boksi likishinda ndani ya gari lililofungwa vioo, juani, Bahi au Chemba mwezi Oktoba, vipimo hivyo haviaminiki tena hata kama tarehe ya mwisho haijafika. Jibu lisomwe ndani ya muda ulioandikwa kwenye maelekezo, mara nyingi dakika 15 hadi 20. Mstari hafifu uliotokea ndani ya muda huo ni jibu kamili, mtu ana virusi. Uliotokea saa nzima baadaye si jibu. Na kabla ya kutoboa kidole, aulizwe kama amechanjwa hivi karibuni, maana kwa wiki mbili tatu baada ya sindano kipimo kinaweza kunasa protini ya chanjo na kumtia mtu hofu ya bure.

Kukutwa na virusi mara moja hakutoshi kusema mtu ana ugonjwa sugu. Arudie baada ya miezi sita. Mtu mzima anayeambukizwa leo, mara nyingi mwili wake huvifukuza virusi wenyewe. Mtoto mchanga ni kinyume, tisa kati ya kumi hubaki navyo. Ndiyo maana wagonjwa sugu wengi tunaowaona ni watu wazima waliozaliwa kabla Tanzania haijaanza kutoa chanjo hii kwa watoto mwaka 2002, na walibeba virusi tangu utotoni bila dalili yoyote. Kusubiri macho yawe manjano ni kuchelewa.

Lakini miezi sita hiyo si ya kukaa bure. Siku hiyo hiyo au wiki hiyo achukuliwe damu ya vipimo vinne: kimeng'enya cha ini kiitwacho AST, picha kamili ya damu ili kupata idadi ya chembe sahani (zinazogandisha damu), kreatinini ya figo, na VVU. Viwili vya kwanza vinatoa alama ya APRI, inayokadiria makovu ya ini, ambayo kituo cha afya chochote chenye kikokotoo cha simu kinaweza kuipata. Chukua AST ya mgonjwa, gawa kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara yenu, zidisha kwa 100, gawa kwa chembe sahani. Mfano: AST ni 54, kiwango cha juu ni 40, chembe sahani ni 150 (kwa maelfu katika mikrolita). Jibu ni 0.9. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 ulisubiri APRI ipite 2, lakini ule wa Machi 2024 umeshusha: ikizidi 0.5 kwa mtu mzima, dawa ianze. Ikizidi 1, ini huenda limeshasinyaa. Kwa hiyo mgonjwa wetu wa 0.9, anayelima na kula vizuri, kwa kipimo cha zamani angerudishwa nyumbani, kwa cha sasa anastahili dawa.

Hapa ndipo makosa ya maabara yanapogharimu. Damu iliyochukuliwa kijijini ikarukaruka kwenye bodaboda kilomita 60 za barabara ya vumbi bila kutenganishwa, chembe zake hupasuka na AST hupanda kwa uongo. Chupa ya kifuniko cha zambarau isipogeuzwa taratibu mara nane hivi, chembe sahani hugandana na mashine huzihesabu pungufu. Makosa hayo mawili yakikutana, APRI inaruka na mtu anaambiwa ini limekwisha. Damu ya AST izungushwe kwenye mashine na majimaji yatenganishwe kabla ya safari, na damu ya picha kamili ifike siku hiyo hiyo. Malaria nayo hushusha chembe sahani, kwa hiyo mwenye homa atibiwe kwanza, kisha arudie.

Dawa ni tenofovir ya miligramu 300, kidonge kimoja kwa siku, kwa wengi maisha yote. VVU vipimwe kabla ya kidonge cha kwanza, kwa sababu tenofovir peke yake kwa mwenye VVU hufundisha virusi hivyo usugu. Na mgonjwa aambiwe kwa lugha isiyo na kona kwamba hairuhusiwi kuacha kwa kuwa anajisikia nafuu. Virusi huweza kurudi kwa kishindo, na kwa ini lililokwishasinyaa kishindo hicho huua.

Dawa hii ni ile ile iliyomo ndani ya kidonge cha TLD cha wanaoishi na VVU. Wauguzi wa CTC, yaani kliniki za VVU, wilayani wanaijua: kuhesabu vidonge, kufuatilia figo, kumpigia simu asiyefika. Basi kwa nini mgonjwa wa homa ya ini wa Mpwapwa au Kondoa apande basi hadi mjini kila mwezi kufuata vidonge 30? Tunapendekeza kliniki ya homa ya ini iwe kwenye vituo hivyo hivyo, kwa siku yake tofauti ili mtu asihofie macho ya majirani, na aliyetulia apewe vidonge 90. Mjini aje kwa ultrasaundi, kwa kupima wingi wa virusi, au hali ikibadilika.

Daftari ndilo uti wa mgongo wa kazi hii. Namba moja ya simu haitoshi, laini hubadilishwa kila leo. Yaandikwe majina matatu, kitongoji, namba mbili, na jina la mhudumu wa afya wa kijiji anayeweza kugonga hodi. Tarehe za kurudi kupimwa, si za kuchukua vidonge, zifuate kilimo. Mgonjwa aliyepangiwa Januari yuko kwenye palizi, pengine Kiteto. Mpangie Julai, mavuno yakiwa ghalani, na mwanzoni mwa Desemba kabla mvua hazijakolea. Mara miezi mitano, mara saba, haidhuru kwa aliyetulia. Kinachodhuru ni kutokuja.

Kwa mikoa ya kati kuna jambo jingine ambalo haliwekewi uzito. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kwenye mahindi iliua watu hapa Dodoma na jirani zetu Manyara. Hata kwa kiasi kidogo cha kila siku, sumukuvu ikikutana na virusi vya homa ya ini B huongeza hatari ya saratani ya ini mara nyingi kuliko kila kimoja peke yake. Mwenye virusi asile karanga zilizosinyaa au zenye ukungu, na kuzikaanga hakuondoi sumu. Mahindi yakaushwe juu ya turubai, yasianikwe ardhini. Wanzuki na mvinyo aviache. Mwenye ini lililosinyaa, au ndugu aliyekufa kwa saratani ya ini, afanyiwe ultrasaundi kila miezi sita hata kama yuko kwenye dawa.

Mwisho, kila jina daftarini lifuatwe na safu ya watu wa nyumbani: mwenza, mama mzazi, ndugu wa tumbo moja, watoto. Kula sahani moja hakuambukizi. Wembe mmoja wa jando kwa watoto watano huambukiza. Wasio na virusi wachanjwe sindano tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza. Mjamzito mwenye virusi ajulikane mapema, ili apewe tenofovir akihitaji, na mtoto achomwe chanjo ndani ya saa 24. Kwake Penta, chanjo ya watoto yenye ya homa ya ini B ndani yake, ya wiki ya sita peke yake inachelewa. Na chanjo hiyo isigandishwe. Chupa iliyogusana na barafu kwenye kibebeo ikaganda imekufa, itupwe, hata kama imeyeyuka na inaonekana nzima.

Ni sisi,
Wauguzi na wataalamu wa maabara,
Dodoma.