Kuhusu hiyo soda yako ya saa kumi

Mpendwa Rehema,

Barua yako nimeipata, na salamu zimefika kwa wote. Nimecheka ulivyojisifu kwamba siku hizi chai unainywa bila sukari, halafu mistari miwili mbele unasema soda ya saa kumi huwezi kuikosa. Shoga yangu, sukari umeitoa mlangoni ukaifungulia dirisha!

Hebu shika hiyo chupa usome maandishi madogo ya ubavuni. Utakuta sukari gramu 10 au 11, lakini hizo ni za kila mililita 100, si za chupa nzima. Chupa ya mililita 500 inabeba zaidi ya gramu 50, vijiko vya chai kama 13. Nani angekutilia vijiko 13 kwenye kikombe ukakinywa? Soda inapita kwa sababu ubaridi na ukali wa asidi vinaufunika utamu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka sukari ya namna hii isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na bora zaidi ibaki chini ya 25. Chupa moja tu, na umeshavuka.

Kinachoniudhi ni kwamba haishibishi. Unaimaliza, na usiku sahani yako ni ileile, ndiyo maana kilo zinapanda na hujui zimetoka wapi. Tena karibu nusu ya sukari hiyo ni fruktosi, aina ya sukari ambayo mzigo wake mkubwa huangukia ini. Ikizidi, ini huigeuza mafuta, na mengine hubaki humohumo. Ndiyo unasikia mtu ana mafuta kwenye ini na pombe hajawahi kuionja.

Kisukari ndicho kilichonifanya nishike kalamu, maana mama yako anacho. Uchambuzi mmoja wa 2010, uliojumlisha tafiti kadhaa, uliona kwamba wanaokunywa vinywaji hivi mara moja au mbili kwa siku wana hatari ya kupata kisukari cha aina ya 2 iliyo juu kwa asilimia 26 kuliko wanaovigusa kwa nadra.

Meno nayo! Wewe unakunywa funda moja, unaiweka mezani, unairudia baada ya dakika kumi. Kila funda asidi inalainisha upya ganda la jino. Bora uinywe pamoja na chakula uimalize, usuuze kinywa kwa maji, na mswaki usubiri kwanza. Zile zisizo na sukari zina nafuu upande wa sukari, ila asidi ni ileile. Na usinihamie kwenye juisi za pakiti ukidhani umepona.

Sikwambii uache kesho. Anza na chupa ndogo, tena si kila siku. Ukinijibu, niandikie lebo yako inasema gramu ngapi, na mama umwambie apime sukari kabla sijaja.

Wako akupendaye,
Saida