Barua ya wazi kwa vijana wa vijiwe vya Tanga: anayehoji riba na ajira anawaulizia nyinyi

Wanangu wa Ngamiani, Makorora, Mabawa na Chumbageni, na nyinyi wa Pongwe mpaka Chongoleani,

Assalaam alaykum, na wasio Waislamu nawasalimu kwa amani. Shikamoo zenu nimezipokea.

Nawaandikia kwa jambo linaloniuma. Kila anaposimama mwanasiasa wa upinzani akaihoji serikali juu ya riba za benki na ajira, nawasikia barazani na nawasoma kwenye makundi yenu ya simu. Kuna wanaopiga makofi kabla mtu hajamaliza kusema. Kuna wanaomtukana: katumwa huyo, ana njaa ya cheo, kwanza yeye kaajiri wangapi? Kesho yake Coastal Union inacheza Mkwakwani na habari imekwisha. Swali lenyewe halijibiwi, na hakuna hata mmoja wenu anayelidai jibu lake.

Swali hilo ni lenu, wanangu. Aliyeliuliza, hata awe wa chama msichokipenda, ameuliza kuhusu maisha yenu.

Mimi nimefanya kazi ya ukarani wa mikopo benki mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitawaeleza kwa nini riba na ajira huulizwa pamoja. Mafaili mawili yaliwahi kuwa mezani kwangu wiki moja. La kwanza lilikuwa la kijana fundi wa kuchomea vyuma kule Makorora. Ana oda za mageti, ana namba ya mlipakodi, ana leseni ya biashara, anaomba milioni nne anunue mashine ya kukatia vyuma na kuongeza vijana watatu. Dhamana? Nyumba ya Ngamiani iliyoachwa na babu yake, mirathi haijagawanywa, hati bado ina jina la marehemu, na shangazi zake wawili hawataki isainiwe popote. La pili ni la mtumishi wa serikali anayeomba milioni nane aezeke nyumba. Ana barua ya mwajiri na salari slipu, na makato yatafanyika kabla mshahara haujamfikia mkononi. Mtumishi alipata fedha zake. Fundi alirudishiwa faili.

Sikumlaumu yule mtumishi, maana kuezeka nyumba ni haki yake. Lakini ajira tatu zilikuwa ndani ya lile faili lililorudishwa. Na si la Tanga tu. Kwa miaka mingi sasa, katika mikopo yote ya benki nchini, fungu kubwa kuliko mengine ni mikopo ya watu binafsi, na wenye mishahara ndio wanaoipata kwa wepesi. Benki hailaumiwi kwa kulinda amana za watu. Anayetunga sera ndiye wa kuulizwa: umeweka nini ili fundi wa Makorora naye akopesheke?

Tumeshajaribu njia mbili kubwa. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki zilitaifishwa ikaundwa NBC, yaani Benki ya Taifa ya Biashara. Fedha zikaelekezwa kwenye mashirika ya umma na vyama vya ushirika, mengi yakashindwa kulipa, na madeni mabovu yakaielemea benki. Mwaka 1991 ikaja sheria iliyofungua mlango kwa benki binafsi, na mwaka 1997 NBC ikagawanywa, NMB ikazaliwa humo. Mabenki yakaongezeka, huduma zikaboreka, hilo nalikubali bila kinyongo. Ila hesabu ya benki ya biashara ni usalama na faida, na kijana asiye na hati wala mshahara hayumo kwenye hesabu hiyo mpaka serikali iweke mkono.

Serikali iliweka mkono. Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza shilingi trilioni 1 za kuzikopesha benki kwa riba ya asilimia 3, ili nazo zikopeshe sekta binafsi kwa riba isiyozidi asilimia 10. Ikatoa pia nafuu kwa benki zinazokopesha kilimo kwa kiwango hichohicho. Ni hatua nzuri, naisifu waziwazi. Basi mtu akisimama akauliza katika ile trilioni ni kiasi gani kilifika kwa mkulima mdogo wa mkonge wa Korogwe, au kwa mvuvi wa Deep Sea anayetaka injini ya boti, mnamzomea kwa lipi? Huyo anaidai hatua nzuri ikamilike.

Mkiacha kuuliza, wenzenu wanaangukia kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba ya kunyonya. Nimewaona akina mama wa Kwaminchi wanavyojificha siku ya marejesho, vyombo vya ndani vimechukuliwa. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za kukopesha kwa simu zisizokuwa na kibali. Programu 69! Programu za namna hiyo hupata wateja kwa sababu mlango wa benki ni mwembamba.

Mtasema wapinzani ni wazushi. Kumbukeni EPA, ile akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa Benki Kuu, na waliokuwa wadogo waulizeni wakubwa wao. Septemba 2007 Dk. Willibrod Slaa, wakati huo mbunge wa Karatu kwa tiketi ya CHADEMA, alisimama Mwembe Yanga, Temeke, akataja tuhuma za ufisadi, ukiwemo wa fedha za Benki Kuu. Wapo waliomcheka. Januari 2008 taarifa ya ukaguzi ikaonesha zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa kampuni 22 kutoka akaunti hiyo, na Rais Kikwete akatengua uteuzi wa Gavana. Fedha zile zilikuwa za nchi, za mwenye kadi ya kijani na za mwenye kadi nyingine yoyote.

Kuhoji si hisani ya mpinzani wala si ukorofi. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kumwuliza Waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ibara ya 22 inasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Ukiziweka hizo mbili pamoja, swali la ajira limo ndani ya sheria kuu ya nchi.

Na ajira yenyewe iulizwe kwa undani. Ilani ya CCM ya mwaka 2020 iliahidi ajira milioni 8, katika sekta rasmi na isiyo rasmi. Hapo kwenye isiyo rasmi ndipo nataka mtulie. Kijana anayeendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku, hana mkataba, hana bima, akianguka Kange ndugu wanachangishana, naye amehesabiwa? Kibarua wa miezi mitatu kwenye bomba la mafuta ghafi amehesabiwa mara moja au kila anapoitwa? Bomba lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia hapa kwetu Chongoleani, na jiwe la msingi tuliliona likiwekwa mwaka 2017. Ujenzi wowote una mwisho wake. Ni vijana wangapi wa hapa wamepata cheti cha ufundi kitakachowafaa bomba likishakamilika? Hilo ni swali la haki, aliulize wa chama chochote.

Tanga hii mimi nimeijua viwanda vikifanya kazi, king'ora kinalia asubuhi na baiskeli zinajaa barabarani. Kiwanda cha mbolea kilifungwa mwaka 1991. Mkonge, ambao kwa nchi nzima ulifikia tani zaidi ya 200,000 kwa mwaka miaka ya 1960, ukaporomoka. Aliyeona hayo hawezi kuridhika na jibu la "tunaendelea kulifanyia kazi".

Lakini wanangu, mpinzani naye msimwachie. Akisema riba ishuke, mwulizeni tofauti italipwa na nani, na akiba ya mjane aliyeweka fedha zake benki italindwaje. Akisema serikali iajiri walimu wote, aoneshe mshahara wao utatoka kwenye fungu lipi. Atakayeleta hesabu msikilizeni. Atakayeleta matusi mwacheni ashuke jukwaani.

Yapo pia ya kufanya hapahapa bila kumsubiri mtu wa Dodoma. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuonesha dosari, vikiwemo vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, na baadaye ikarejeshwa. Vikundi hewa vile viliandikishwa mitaani kwetu, na majirani walikuwepo. Sasa nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mwombeni orodha ya vikundi vya vijana vilivyopata, kiasi gani na vimerejesha kiasi gani. Diwani wenu mwambieni alipeleke hilo kwenye baraza la madiwani, awe wa CCM au wa upinzani. Nendeni watu watano au sita, mmevaa vizuri, mkiwa na karatasi yenye maswali yaliyoandikwa, mwachieni afisa karatasi hiyo, nanyi mbaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Mkiambiwa mrudi wiki ijayo, rudini wiki ijayo.

Ni mimi mzee wenu,
Karani mstaafu, Ngamiani, Tanga