Vibarua wa mpunga nao wana figo

Ndugu Mhariri,

Kila Alhamisi ya pili ya mwezi Machi, Siku ya Figo Duniani, redio zetu hutoa ujumbe uleule: punguza chumvi, pima sukari, pima presha, fanya mazoezi. Ujumbe huo ni wa kweli, maana kisukari na presha ndiyo magonjwa yanayoongoza kwa kuharibu figo duniani. Lakini mimi nauza dawa Mabogini, ukanda wa chini wa Moshi, katikati ya majaruba ya mpunga, na watu ninaowahofia zaidi hawana kitambi wala hawajawahi kuambiwa wana sukari. Ni vijana wa miaka ishirini na kitu, thelathini na kitu, wanaoshinda wameinama kwenye tope jua likiwa utosini. Ukimwambia mtu huyo afanye mazoezi atakushangaa. Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee.

Duka langu ni Duka la Dawa Muhimu, na nimepitia mafunzo ya mtoa dawa. Kuanzia saa kumi jioni wanaanza kuingia, miguu imekauka tope hadi magotini. "Dokta, nipe diklo." Si daktari mimi, ila huku kila mwenye duka la dawa ni dokta. Wanataka diklofenaki ya mgongo, ya kiuno, ya kichwa kinachogonga. Wengine hawataki kumeza vidonge viwili, wanataka vinne, ili kesho waamke. Nikikataa na kuwashauri parasetamo, baadhi wananisikiliza, wengine wanakwenda zao gengeni ambako vidonge vimewekwa kwenye kopo karibu na pipi.

Ukiwauliza siku yao ilivyokwenda ndipo unaelewa. Kibarua hulipwa kwa ngwe au kwa jaruba, si kwa saa. Kila dakika anayokaa chini ya mti anaiona ni hela inayopotea, kwa hiyo hakai. Maji ya kunywa hayapo shambani. Ya mfereji anayaona yanapita, lakini anajua yametoka kwenye mashamba ya watu waliopulizia dawa juzi. Basi anakaa na kiu hadi saa saba, anakunywa soda au kile kinywaji cha kuongeza nguvu, anarudi kuinama. Wanawake wanaopandikiza miche wameniambia jambo jingine ambalo mwanamume hawezi kulifikiria: hawanywi maji kwa makusudi, kwa sababu hakuna pa kujisaidia. Shamba ni wazi pande zote.

Sasa sikilizeni kinachotokea ndani ya mwili. Figo za mtu mzima huchuja kama lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu kwa siku moja, na karibu sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo huenda kwao. Mtu akitoka jasho kutwa bila kunywa, damu inayofika kwenye figo inapungua. Mwili unajitetea kwa kutengeneza kemikali zinazoshikilia wazi mishipa midogo inayoingiza damu kwenye figo, kama mtu anavyonyanyua lango la mfereji maji yakiwa haba ili jaruba la mwisho nalo lipate. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali hizohizo. Yaani kibarua aliyekauka anameza dawa inayofunga lango saa ileile figo zinapolihitaji wazi. Akifanya hivyo mara moja huenda asidhurike. Akifanya jioni baada ya jioni, msimu baada ya msimu, ni jambo jingine.

Kuna mmoja alikuwa mteja wangu, kijana wa kazi zote: kupandikiza, kupalilia, kuamia ndege, kubeba magunia. Alianza kulalamika mkojo unamchoma. Alipokwenda kupima aliambiwa ni UTI, akapewa dawa za kuua bakteria. Ulipomchoma tena alizinunua mwenyewe, na tena. Mkojo wa mtu aliyekaukiwa maji huwa mzito na unaweza kuchoma bila bakteria yoyote, lakini huku kwetu kila mkojo unaochoma ni UTI. Baadaye akaja uso umevimba asubuhi, miguu imejaa, hamu ya kula hana. Nilimwandikia kwenye karatasi neno "kreatinini", kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, nikamwambia aende hospitali, aonyeshe karatasi hiyo, asikubali kurudi bila kipimo hicho. Alikwenda. Figo zilikuwa zimebaki kidogo sana. Aliambiwa asafishwe damu mara tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne kitandani, na kila mara ni hela ambayo kibarua haipati kwa wiki nzima. Ukoo wa kule juu Kibosho ulichanga, kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, kikakatwa kipande kikauzwa. Alisafishwa kwa muda, hela zikakata. Tulimzika. Hakuwa na kisukari. Presha haikuwahi kumsumbua kabla figo hazijaharibika.

Watu wataniambia mmoja si ushahidi. Ni sawa, ndiyo maana nimesoma nijue kama kuna mahali pengine ambako watu wa namna hii wanaumwa. Nimekuta wapo, tena wengi. El Salvador, mwaka 2002, madaktari wa hospitali kubwa ya mji mkuu waliandika kwamba wengi wa wagonjwa wapya wa figo zilizofikia mwisho walikuwa wanaume wakulima kutoka nyanda za chini za pwani, wasio na kisukari wala presha ya zamani. Nicaragua ikawa hivyohivyo kwa wakata miwa. Watafiti walipolinganisha, wakata miwa wa pwani kwenye joto waliumwa kuliko wafanyakazi wa kahawa walioko milimani kwenye baridi. Mtu wa Kilimanjaro anaposoma hilo lazima ashtuke: kahawa juu, miwa na mpunga chini, kama tulivyo sisi. Na huko nako wafanyakazi walikuwa wakichomwa na mkojo, wanapewa dawa za bakteria na za maumivu.

Sri Lanka, ukanda wa kaskazini ya kati, wanaougua ni wakulima wa mpunga wa umwagiliaji, na tatizo lilianza kuonekana miaka ya 1990. Huko wataalamu wanabishana hadi leo: wapo wanaotaja joto na kukaukiwa maji, wapo wanaotaja viuatilifu, wapo wanaotaja visima vyenye maji magumu na madini mengi ya floridi. Huenda ni mchanganyiko.

Floridi si habari ya Sri Lanka peke yake. Wifi yangu ameolewa Maji ya Chai, upande wa Arumeru, na watoto wake wana meno ya kahawia kama watoto wote wa pale. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa sababu maji mengi ya kaskazini yasingefuzu. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi nzuri ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na mradi mkubwa wa maji wa Arusha umesaidia mjini. Vijijini bado. Tunajua floridi inaharibu meno na mifupa. Tunajua pia kwamba mwili huitoa kupitia figo, kwa hiyo mwenye figo mbovu anaijaza mwilini zaidi ya mwenzake. Na kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani yenyewe inabaki. Hata magadi tunayotilia maharage yana floridi. Akina mama wengi hawajawahi kuambiwa hilo.

Turudi Moshi kwenyewe, maana hapa ndipo penye jambo lililonifanya niandike. Watafiti wanaofanya kazi na KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya hapa Moshi, waliwapima watu wazima wa Moshi, mjini na vijijini, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Asilimia 7 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo. Takriban nusu ya waliokuwa nao hawakuwa na kisukari, wala presha, wala VVU. Nusu! Na wengi hawakujua kabisa kwamba wanaumwa. Msomaji makini atanishika hapa, kwa sababu utafiti huohuo ulikuta ugonjwa uko mjini zaidi kuliko vijijini: zaidi ya asilimia 15 mjini, asilimia 2 vijijini. Sifichi hilo, na wala sisemi joto la majaruba ndilo jibu la nusu hiyo. Mjini nako kuna wapiga kokoto, wabeba mizigo, bodaboda wanaoshinda juani na kununua dawa za maumivu kama karanga, na kuna mitishamba ya kila namna inayouzwa stendi bila mtu kujua imechanganywa na nini. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliharibika figo kwa vidonge vya mitishamba vya kupunguza unene. Nasema hivi: kama nusu ya wagonjwa hawaelezwi na sukari wala presha, basi kampeni inayotaja sukari na presha tu inawaacha nusu ya wagonjwa nje ya mlango.

Mei 2025, Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kwanza kuhusu afya ya figo, na nchi iliyolisukuma ni Guatemala, ambayo ina mashamba ya miwa na wagonjwa haohao. Serikali zetu hukubali maazimio. Mabogini azimio hilo litaonekana vipi?

Kwanza, kwa vijiti vya kupimia mkojo. Ni rahisi, havihitaji umeme, na protini kwenye mkojo huonekana mapema kuliko uvimbe. Figo zinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake mwenye nazo akiendelea kulima. Kipimo cha kreatinini nacho kisiwe cha kupanda daladala hadi mjini. Kiwepo kituo cha afya.

Halafu shambani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aweke maji ya kunywa. Wenye majaruba wengi hawajioni kama waajiri, kwa kuwa wanamwita mtu asubuhi na kumlipa jioni. Ni waajiri. Dumu la maji safi, turubai la kivuli, choo cha muda kwa ajili ya akina mama, kazi ianze saa kumi na mbili asubuhi na watu wapumzike jua linapokuwa kali, hasa Januari na Februari. Anayeogopa hasara ajue kwamba El Salvador walijaribu maji, mapumziko na kivuli kwa wakata miwa, na uzito wa miwa iliyokatwa na kila mtu kwa siku haukushuka, uliongezeka.

Kwa wenzangu wa maduka ya dawa, naomba tuulize swali moja kabla ya kutoa diklofenaki: umekunywa maji kiasi gani leo, na umekojoa mara ngapi? Baraza la Famasi lingetuandalia bango la Kiswahili chepesi la kubandika kaunta, lingetusaidia kumkatalia mteja bila kugombana naye.

Na kwa watafiti wa KCMC na vyuo vyetu, njooni huku chini. Lakini msije asubuhi na gari mkamkuta mwenyekiti wa kitongoji na wazee. Njooni wakati wa kupandikiza, saa kumi jioni, wanapotoka majarubani. Wanapita dukani kwangu wote.

Muuza duka la dawa,
Mabogini, Moshi