Dhahabu ya Kilwa niliyoiona Lisbon

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumaini hamjambo nyote hapo Kilwa Masoko, na mama yako keshapona mafua. Mimi mzima, alhamdulillahi. Meli yetu imefunga gati Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na leo nilipata ruhusa ya kushuka tangu asubuhi. Nakuandikia usiku huu huu, kabla ya zamu yangu, kwa sababu nimeona kitu kinachokuhusu.

Nilianza kwa kupanda tramu namba 15, treni ya umeme inayopita barabarani pamoja na magari, mpaka Belém, kando ya mto Tejo. Huko ndiko Vasco da Gama alikoondokea mwaka 1497 kutafuta njia ya kwenda Bara Hindi. Ipo monasteri kubwa inayoitwa Jerónimos, ambayo Mfalme Manuel wa Kwanza aliijenga kwa ushuru wa bidhaa zilizotoka Afrika na Asia. Mawe yake yamechongwa yakawa kamba za meli, zimesukwa na kufungwa vifundo. Mimi niliyeshika kamba maisha yangu yote nilizitazama mpaka shingo ikaniuma. Ndani limo kaburi la huyo Vasco. Watu walipiga picha wakapita. Mimi nilikaa kidogo, maana jina lake nilianza kulisikia kwa babu yako kabla sijalisoma shuleni.

Mji wenyewe ni vilima vitupu, nyumba zimebandikwa vigae vya buluu, na njia zimetandikwa mawe madogo meupe na meusi yanayoteleza vibaya. Katikati ya mji mitaa imenyooka kwa sababu tetemeko la mwaka 1755 liliangusha karibu kila kitu, wakajenga upya. Ngome iliyo juu ya kilima ilikuwa ya Waislamu hadi mwaka 1147. Nilikula samaki wao mkavu wa chumvi, bacalhau, nikatamani ng'onda wa mama yako.

Sasa nisome taratibu. Jioni niliingia Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, mtaa wa Janelas Verdes, juu tu ya bandari. Humo, ndani ya kioo, kuna chombo cha kanisani cha dhahabu, kile ambacho Wakatoliki wa kwetu hukiita monstransi. Hakifiki hata mita moja kwenda juu. Mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka, wadogo kama vidole, na kila mmoja ana uso wake na nguo zake za rangi. Fundi anayetajwa ni Gil Vicente. Chini, kwenye kitako, kuna maandishi yanayosema kwamba Mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Quiloa, kikamalizika mwaka 1506. Quiloa ni sisi, mwanangu. Ni Kilwa.

Dhahabu hiyo haikutolewa kwa hiari. Mwaka 1502 Vasco alirudi na manowari, akatia nanga mbele ya Kilwa Kisiwani, ulipokuwa mji wetu wa kale, akatishia kuuteketeza mji. Amir Ibrahim aliyekuwa akitawala akalipa mithkali 1,500, kipimo cha zamani cha uzito wa dhahabu. Ilikuwa mali iliyotoka bara, upande wa Zimbabwe, ikashuka mpaka bandari ya Sofala na kuletwa na vyombo vya wafanyabiashara wetu. Wala kulipa hakukuuokoa mji. Mwaka 1505 alikuja Mreno mwingine, Francisco de Almeida, na kundi jingine la meli, askari wake wakapora nyumba hadi nyumba, wakajenga ngome pale lilipo sasa boma la kale liitwalo Gereza. Kwa hiyo siku fundi alipoweka chini patasi yake, mji uliotajwa kwenye kitako ulikuwa umekwishaporwa.

Kazi yenyewe ni nzuri mno, siwezi kuikana. Lakini moyo uliniuma kuona watu wakiwasifia mitume na njiwa wa dhahabu bila hata mmoja kuinama kusoma maandishi. Nilimwonyesha mama mmoja aliyekuwa kando yangu, nikamwambia, "Hapa ni kwetu." Akanitazama, akainama, akasoma. Akaniuliza Kilwa iko wapi, na mimi nikamweleza mpaka mlinzi akaja kututangazia kuwa wanafunga.

Uliniambia kwenye simu kwamba Kisiwani hakuna kitu ila magofu, na kwamba somo la historia halikusaidii. Sikukujibu siku ile. Jibu langu ndilo hili. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco, alifika hapo mwaka 1331 akauhesabu mji wetu miongoni mwa miji mizuri kabisa. Mji huo ulipiga sarafu zake wenyewe. Mfalme wa Ureno aliona fahari kuandika jina la mji huo kwenye dhahabu, nawe unaweza kuufikia kwa mashua kabla jua halijawa kali.

Likizo ikianza, mwombe babu akuvushe, na mdogo wako mwende naye. Msikiti Mkuu anzieni upande wa kaskazini, ndio wa zamani zaidi, kisha ingieni kwenye kuba za kusini. Baadaye mwende Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani, mkaone birika lenye pembe nane. Chukueni maji ya kunywa.

Picha ya yale maandishi nitaituma kwenye simu ya mama yako; mwonyeshe na mwalimu wako wa historia. Mpe babu shikamoo yangu.

Ni mimi baba yako.