Barua ya wazi kwa mdogo wangu: mbiu ya njaa ndani ya bakteria

Mdogo wangu,

Juzi uliniuliza swali nikalikwepa. Bakteria hana ubongo wala neva, ulisema, sasa anajuaje kwamba chakula kimekwisha? Nikajibu "kwa kemikali", tukahamia mengine. Jibu gani hilo, nawe kila kilichomo mwilini ni kemikali! Acha nilipe deni.

Mchukue E. coli, bakteria wa utumboni, anayekua kwa kasi. Zaidi ya nusu ya RNA (nakala za jeni) anayonukuu ni ya kujengea ribosomu, yaani mashine za kuunga protini, pamoja na tRNA, wachukuzi wanaozipelekea asidi amino. Kila dakika anapanua kiwanda cha protini. Ghafla asidi amino, matofali ya protini, zinaadimika, na tRNA inaingia kwenye ribosomu mikono mitupu. Hapo ndipo penye uhondo. Kimeng'enya kiitwacho RelA, ambacho huja kukaa papo hapo kwenye ribosomu, huchukua fosfeti mbili za ATP, molekuli ya nishati, na kuzibandika kwenye binamu zake GTP au GDP. Kinachozaliwa ni ppGpp na nduguye pppGpp. Michael Cashel na Jonathan Gallant waliziona mwaka 1969 kama madoa mageni kwenye kromatografia (njia ya kutenganisha kemikali), zikabandikwa jina la "madoa ya ajabu". La mgambo likilia kuna jambo, na pembe yenyewe ndiyo hii. Chakula kikirejea, kimeng'enya kingine, SpoT, huivunja.

Nani anaisikia? Zamani nilidhani lazima pawe na msururu wa wajumbe. Kumbe ppGpp huenda moja kwa moja kukaa kwenye polimerasi ya RNA, mashine yenyewe inayonukuu jeni. Mashine hiyo ina vikalio viwili vya ppGpp, na cha pili hupatikana pale tu protini DksA inaposhikamana nayo. Polimerasi haizimwi, ila tabia yake hugeuka. Kwenye vianzio (sehemu za DNA ambako unukuzi huanzia) vya jeni za RNA ya ribosomu, ambako tangu hapo haishiki DNA kwa uthabiti, huachia kabla kazi haijaanza. Kwenye jeni nyingi za kutengeneza asidi amino, unukuzi hupanda. Mbiu ni moja, lakini huku inafunga na kule inafungua, kutegemea kianzio kimeandikwaje.

Mbiu ziko nyingine, nazo pia ni molekuli ndogo. cAMP hupanda glukosi inapopungua, hushikana na protini CRP, na wawili hao hukaa kwenye DNA kuiita polimerasi kwenye jeni za kula laktosi na sukari nyingine. c-di-GMP, iliyogunduliwa 1987 na kundi la Moshe Benziman huko Yerusalemu, humfanya bakteria aache kuogelea, ajijengee utando wa kunata wa kuishi pamoja na wenzake. Kwa Vibrio cholerae, bakteria wa kipindupindu, hushikwa na protini VpsT, na jeni za utando huo huwashwa.

Lakini usije ukamwambia mtu kwamba ppGpp hufanya kazi namna moja kila mahali, maana mimi niliwahi kusema hivyo mbele ya watu nikaumbuka. Kwa Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni, haiigusi polimerasi kabisa. Inachozuia ni vimeng'enya vinavyotengeneza GTP, akiba ikashuka. Na jeni za RNA ya ribosomu za bakteria huyu huanza na herufi G, na GTP ndiyo inayoileta herufi hiyo kwenye RNA: bila GTP ya kutosha, hata mstari wa kwanza hauandikiki. Njaa ni ileile na mbiu ni ileile, ila huku mgambo hamfuati mnukuzi mezani pake. Anamfichia wino.