Barua kwa mwanangu: tafuta majani mabichi kwanza

Mwanangu mpendwa,

Funguo za boti nimemwachia mama yako. Kama bado mnakusudia kushuka Ziwa Minnetonka Jumamosi, wewe na mdogo wako, bila mimi, basi soma hii kabla hujagusa ndoana. Kuvua unajua, sina wasiwasi. Ila umezoea samaki wetu, besi, wa kiangazi, na huyu wa mwisho wa Septemba hadi Oktoba ana tabia zake. Majira haya kamusi zetu huyaita vuli, ingawa nyumbani vuli ni mvua. Hapa Minnesota, Marekani, ni majani kupukutika na maji kupoa. Watu wengi wanasahau kwamba majani ya chini ya maji nayo hupukutika, na siri yote ya uvuvi wa majira haya iko hapo.

Kiangazi ghuba nzima ni kijani, kwa hiyo besi anaweza kuwa popote. Siku zikifupika majani yanaanza kufa, lakini hayafi yote kwa pamoja. Yungiyungi hutangulia, kisha majani mengi ya maji mafupi. Yanayooza hula oksijeni, wadudu wanapungua, samaki wadogo wanahama, na besi anafuata chakula chake. Kila wiki eneo linajipunguza lenyewe, hadi samaki waliokuwa wametawanyika ghuba nzima wanabanana kwenye vipande vichache ambavyo bado viko hai. Kwa hiyo saa ya kwanza usivue sana, tafuta kijani.

Namna ya kutafuta ni hii. Washa kipima kina, tembea polepole na injini ya umeme pale penye futi 6 hadi 12, na kila baada ya hatua chache rusha chambo ulete jani lolote. Lishike mkononi ulitazame. Jani hai ni gumu, linakatika kwa mlio mdogo kama mchicha mbichi. Lililokufa ni la kahawia, linateleza kama bamia na linanuka tope. Ukipata mabichi, weka alama kwenye ramani ya kipima kina, kisha zunguka kipande chote ujue kinaishia wapi. Palipo na kona, pengo, au ncha inayochomoza kuelekea maji marefu ndipo pa kuanzia.

Yapo majani mawili utakayochanganya. Moja wanaliita mkia wa rakuni, kitaalamu Ceratophyllum. Halina mizizi ya kweli, limezungukwa na vijani vikavukavu vinavyogawanyika kama uma, na ukilitoa majini halinywei sana. Hilo ndilo rafiki yako, kwa sababu hubaki kijani hata maji yakikaribia kuganda. La pili ni milifoili ya Ulaya, iliyogunduliwa Minnetonka mwaka 1987. Jani lake ni kama unyoya, lina jozi 12 au zaidi za vijani vyembamba, na nje ya maji linalala chepechepe. Nalo lina samaki likiwa bichi, ila yakiwepo yote mawili mwezi wa Oktoba, anza na mkia wa rakuni. (Ukienda kwa bibi, utaliona jani hilohilo Ziwa Naivasha. Na besi pia utamkuta huko. Alipelekwa kutoka Marekani miaka ya 1920 kwa ajili ya wavuvi wa starehe.)

Sasa chambo. Fungua kisanduku cha bluu, utoe kile kisamaki bapa cha plastiki chenye golori ndani, kile ninachokiita njuga. Chukua cha wakia nusu, yaani gramu 14. Chenye rangi ya dhahabu na mgongo mweusi ni kwa siku ya mawingu au maji yenye ukungu. Cha fedha ni kwa jua. Kifunge kwenye ufito wa futi 7 unaopinda hadi katikati, wenye uzi wa kusukwa unaohimili paundi 40. Usichukue ule ufito mgumu kama mti. Uzi wa kusukwa karibu hauvutiki kabisa, na ukiuchanganya na ufito mgumu utang'oa ndoana mdomoni mwa samaki.

Kama majani yameota kwenye kina cha futi 9 na ncha zake ziko futi 4 chini ya uso wa maji, njuga yako inatakiwa ipite hapo kwenye futi 4, iziguse ncha, isizame ndani yake. Rusha mbali, acha izame ukihesabu moja, mbili, tatu, kisha anza kukunja. Ikinasa papo hapo, mara nyingine hesabu mbili tu. Isipogusa kitu njia nzima, hesabu nne. Ukishaipata hesabu yake, shikilia hiyohiyo. Ukiinua ncha ya ufito njuga inapanda, ukiishusha inashuka, na utaisikia mkononi ikigusa majani kama kitana kinachopita kwenye nywele zilizosokotana.

Itanasa. Usiivute polepole, hilo ndilo kosa la kila mtu. Ukivuta polepole, jani linajizungusha kwenye ndoana na njuga inafika botini ikiwa na ndevu. Acha uzi ukaze, kisha vuta ufito ghafla kwa kiwiko mara moja, kwa nguvu, kama unayekung'uta maji kwenye kitambaa. Uzi wa kusukwa unakata jani, njuga inaruka juu ghafla, halafu inaporomoka ikitikisika. Isubiri nukta moja bila kukunja. Besi wengi hushika hapo, wakati inaanguka, na mara nyingi hutasikia kishindo. Utaona tu uzi umelegea au umesogea pembeni. Ukiona hivyo, kunja haraka hadi usikie uzito, halafu vuta ufito kwa pembeni. Ukivuta wakati uzi umelegea unapiga hewa.

Nailoni ya kawaida haifai kazi hii. Inavutika, nguvu ya kiwiko inaishia njiani, jani halikatiki.

Na kama mara tatu mfululizo unaleta utelezi wa kahawia, usilaumu mkono wako. Majani hapo yamekufa, ondoka.

Besi akishika ataruka na kutikisa kichwa. Gramu 14 zikibembea mdomoni mwake ni kama nyundo, zinaichomoa ndoana. Kwa hiyo ukiona uzi unapanda kuelekea juu, zamisha ncha ya ufito karibu na maji na endelea kukunja. Breki ya rili, yaani kile kigurudumu cha kukunjia uzi, ilegeze kidogo kuliko ulivyozoea. Akifika kwenye boti, mtoe ndoana kwa koleo, si kwa vidole. Njuga ina ndoana mbili za makucha matatu: moja imo kwa samaki, nyingine inasubiri mkono wako. Mshike mdomo wa chini kwa dole gumba, na kama ni mzito mwegemeze tumbo kwa mkono wa pili uliolowa.

Siku ya baada ya baridi kuingia, mbingu ikiwa bluu tupu na upepo umegeuka kaskazini, njuga haitakusaidia sana. Besi hawaondoki kwenye kipande, ila wanaingia katikati ya kichaka na hawafukuzi kitu. Hapo chukua jigi (ndoana yenye kichwa kizito) ya wakia 3/8 yenye brashi ya kuzuia majani, idondoshe kwenye tundu, iache ifike chini, itikise mara mbili, hesabu hadi kumi, toa, tafuta tundu jingine. Ni kazi ya kuchosha, nakubali, na mdogo wako atalalamika.

Joto la maji lisome kwenye kipima kina. Kuanzia 65 kushuka hadi 52 za Fahrenheit (kama 18 hadi 11 za Selsiasi) ndipo njuga inafanya kazi vizuri. Chini ya hapo kunja polepole, na ikibidi hamia kwenye jigi moja kwa moja. Alfajiri si saa yenu tena. Usiku maji yamepoa, kwa hiyo laleni, mle vizuri, mfike saa nne, na mkazane zaidi saa saba hadi saa kumi na moja jioni. Upepo ukipiga ukingo wa majani, vueni ukingo huo huo hata kama boti inasumbua.

Mkikuta ghuba ya maji marefu, na maji yake yamekuwa kahawia ghafla, yana povu na harufu ya yai viza, ujue ziwa linapinduka. Maji ya juu yamepoa yakawa mazito, yamezama na kuchanganyika na yale ya chini yasiyo na oksijeni. Msipoteze siku hapo. Nendeni ghuba za maji mafupi zenye majani, ambazo hazina matabaka ya kupinduka.

Mkitaka kitoweo, chukueni wadogo wa inchi 12 au 13 kadiri kanuni za mwaka huu zinavyoruhusu, wakubwa warudisheni. Besi mkubwa ameishi miaka mingi akila samaki wenzake, na zebaki inajikusanya kwenye nyama yake. Idara ya Afya ya jimbo ina mwongozo wa kiasi cha kula, mama yako anao.

Majaketi ya kuelea mvae, si kuyakalia. Maji ya nyuzi 50 za Fahrenheit yanakukata pumzi dakika ya kwanza, na ndani ya dakika kama kumi vidole havishiki tena kamba. Kamba ya kuzimia injini ifunge mwilini kila unapowasha injini kubwa.

Mkitoka, vueni majani yote kwenye trela, kwenye ekseli na kwenye propela. Kipande kimoja cha milifoili kinatosha kuanzisha shamba kwenye ziwa jingine. Fungueni kizibo cha nyuma maji yatoke, na msikirudishe mkiwa barabarani, ni sheria ya jimbo. Kizibo kiwekeni kwenye kikombe cha usukani, si mfukoni, maana siku mtakayoshusha boti bila kizibo mtajua wenyewe kimeenda kufuliwa na suruali.

Baba yako